Mama Alijifunzia Jikoni

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kazi ya kurasa mbili: tuandike kuhusu mtu tunayemwiga katika elimu na katika kuwatumikia wengine. Wenzangu walichagua watu wakubwa. Mmoja alimwandika Wangari Maathai na miti yake, mwingine Mwalimu Nyerere na elimu ya watu wazima. Mimi niliwaandika wazazi wangu. Nilisema wana bidii, wanatupenda, na wametufundisha umuhimu wa elimu. Nilipata alama nzuri. Lakini nilipoisoma tena nyumbani niliona kwamba insha ile ingeweza kuwa ya wazazi wa mtu yeyote. Sikuwa nimesema uongo, ila nilikuwa nimeficha jambo moja, na jambo lenyewe lilinihusu mimi. Wahariri wa jarida letu walipoomba makala niliamua kuiandika upya, safari hii bila kuficha.

Nilizaliwa mwaka 2005 katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Wazazi wangu ni Wakongo wa upande wa Fizi, Kivu ya Kusini. Walivuka Ziwa Tanganyika kwa mashua wakati wa vita ya 1996, kila mmoja na familia yake, wakakutana kambini wakiwa vijana. Shule za Wakongo kule kambini zilifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na Baba alimalizia sekondari yake humo humo. Halafu akawa mwalimu wa shule ya msingi. Malipo yake yaliitwa motisha, hayakuitwa mshahara, na darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, wengi wao wamekaa chini.

Mama hakusoma. Alikuwa binti wa kwanza kwao, na vita ilipoanza yeye ndiye aliyebeba wadogo zake mgongoni. Kambini alipanga foleni ya maji alfajiri na foleni ya unga siku ya mgawo. Alipotakiwa kuthibitisha kwamba amepokea, aliweka alama ya kidole.

Mwaka 2015 tulihamishiwa Louisville, Kentucky. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alipata kazi ya usiku katika ghala la vifurushi. Mama alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, ambako mpaka leo anakunja mashuka.

Baba hakuacha ualimu. Mkimbizi aliyepokelewa Marekani anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, lakini lazima apite mtihani. Wakati ule kulikuwa na orodha ya maswali 100 kuhusu historia na serikali. Afisa anakuuliza kwa mdomo maswali yasiyozidi kumi, na ukijibu sita umefaulu sehemu hiyo. Kisha anakupa sentensi tatu za Kiingereza, na unatakiwa kuisoma moja sawasawa. Mwisho anakusomea sentensi tatu kama imla, na unatakiwa kuiandika moja. Watu wengi wa kwetu waliogopa mtihani huu kuliko walivyoiogopa safari ya ndege. Baba, ambaye Kifaransa kilikuwa kimemsaidia kujifunza Kiingereza haraka, aliwaambia waje nyumbani.

Basi kila Jumamosi ilikuwa hivi. Baba anarudi kutoka zamu ya usiku asubuhi, analala mpaka saa nane mchana, anaoga, anavaa shati lenye kola. Saa tisa watu wanaanza kuingia, viatu vinajaa mlangoni. Ubao mweupe unaegemezwa juu ya televisheni, na sisi watoto tunajua kwamba hakuna katuni mpaka jioni. Wengine wanakaa kwenye kochi, wengine mkekani. Hakuna aliyelipa. Mzee mmoja alileta mfuko wa unga, Baba akamwambia aupeleke jikoni, na jioni ile tuliula wote kwa pamoja.

Jikoni alikuwepo Mama. Alipika sombe, yaani kisamvu, na ndagala za kukaanga, kwa watu kumi au kumi na wawili, kila Jumamosi. Baba alimwita mara nyingi aje akae na wenzake. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Sombe itaungua." Tuliamini kwamba ni sombe kweli.

Kumbe alikuwa anasikiliza. Siku moja Baba aliuliza kwa nini wale wazungu wa kwanza walihamia Amerika. Majibu yanayokubalika ni kadhaa: uhuru, dini, nafasi ya kutafuta maisha, kukimbia mateso. Darasa lilikaa kimya. Sauti ikatoka jikoni, kwa Kiingereza cha hotelini, ikijibu kwamba walikimbia mateso. Halafu ikaongeza kwa Kiswahili: "Kumbe na wao walikuwa wakimbizi! Nani aliwapa mgawo?" Sebule nzima ilicheka. Baba alicheka mpaka akavua miwani.

Baada ya siku ile nilianza kumchunguza. Mama alikuwa na majibu yote mia moja kichwani. Aliyarudia kazini akikunja mashuka, akaniambia kwamba kila shuka kumi ni swali moja. Alijua kwamba Seneti ina wajumbe 100. Alijua kwamba katiba imerekebishwa mara 27. Alijua kwamba Susan B. Anthony alipigania haki za wanawake, na huyo ndiye aliyempenda kuliko wote. Mito mirefu ya Marekani, Missouri na Mississippi, aliitaja kwa dharau kidogo, maana kwake yeye maji ni Tanganyika. Yote haya aliyapata kwa masikio, akiwa na mwiko mkononi, kupitia mlango uliokuwa wazi nusu.

Mwaka 2021 Baba alifaulu. Sisi watoto tulikuwa chini ya miaka 18, kwa hiyo tukawa raia kupitia kwake. Nyumba nzima sasa ilikuwa ya raia isipokuwa Mama. Mtu mwenye miaka 55 aliyekaa hapa na kibali cha kudumu kwa miaka 15 anaruhusiwa kufanya maswali kwa lugha yake, bila mtihani wa Kiingereza. Mama hakuwa na umri huo wala miaka hiyo. Alitakiwa kusoma na kuandika.

Mwaka uliofuata tulilipa ada ya dola 725, na barua ikaja kwamba usaili wake ni Oktoba 2022. Mama aliniita chumbani, akafunga mlango, akanionyesha daftari jipya. Akasema, "Nifundishe wewe. Sitaki kwa baba yako, mbele ya watu." Nilikuwa na miaka 17. Nilikubali kwa furaha, kwa sababu sikujua ni kazi gani niliyoikubali.

Hapa ndipo penye jambo nililolificha.

Tulisoma usiku, baada ya kazi yake na baada ya masomo yangu. Nilimwandikia sentensi za Kiingereza, yeye akanakili herufi moja moja, kama mtu anayechora. Alipotakiwa kuzisoma, alikwama. Nilirudia. Akakwama palepale. Usiku mmoja wa Septemba nilikuwa na mtihani asubuhi, na lile neno moja nilikuwa nimelitamka labda mara ishirini. Niliweka kalamu chini kwa nguvu nikasema, "Mama, hata mdogo wangu wa darasa la pili analijua hili!"

Hakunijibu. Alifunga daftari, akalilaza juu ya kabati, akasema, "Kalale, una mtihani." Kesho yake sikumwita. Kesho kutwa pia. Nilikuwa na fomu za kuomba vyuo, nilikuwa na kazi ya mwisho wa wiki dukani, nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa za kweli. Naye hakuniomba tena. Daftari lilikaa juu ya kabati mpaka Oktoba.

Siku ya usaili nilimpeleka kwa gari. Alivaa kitenge chake cha sherehe. Niliketi kwenye viti vya kusubiria kwa muda ambao sikuuhesabu, halafu akatoka ameshika karatasi. Uso wake haukusema kitu. Alinipa ile karatasi akasema, "Nisomee."

Nilimsomea. Karatasi ilisema kwamba maswali alifaulu. Baadaye alinieleza kwamba alijibu sita mfululizo na afisa hakuwa na haja ya kuuliza la saba. Kusoma hakufaulu, na kuandika hakufaulu. Angeitwa tena mara moja, kati ya siku 60 na siku 90, kwa sehemu hizo mbili tu. Akishindwa tena ombi linakataliwa, na mtu anaanza upya kwa ada mpya. Mimi ndiye niliyesimama pale ukumbini kumsomea mama yangu kwamba ameshindwa kusoma.

Tulirudi nyumbani bila kuzungumza. Nilidhani ataingia chumbani alale. Alivua kitenge, akakikunja, akavaa nguo za kila siku, akaniambia nimpeleke kwa jirani, mama mmoja wa kwetu anayekaa majengo mawili kutoka kwetu.

"Leo, Mama?"

"Usaili wake uko kesho kutwa. Wangu umekwisha."

Nilikwenda naye. Jirani alikuwa amejawa na hofu, ameshika karatasi za maswali, macho mekundu. Alipomuuliza Mama usaili ulikwendaje, nilitazama chini. Mama alisema waziwazi, "Nimeshindwa. Maswali nimejibu, kusoma kumenishinda. Wewe kusoma unajua, kwa hiyo tufanye maswali." Akavuta kiti. Akamuuliza moja baada ya jingine bila karatasi yoyote, na jirani alipokosea alimpa njia ya kukumbuka, zile njia alizojitengenezea mwenyewe kwenye mashuka ya hoteli. Walimaliza karibu na saa tano usiku. Siku ya tatu jirani alikuja mbio mlangoni kwetu, amefaulu, na Mama ndiye aliyepiga vigelegele kabla ya mtu mwingine yeyote. Jioni alimpikia.

Usiku ule wa kwanza, tulipokuwa tunarudi kwa jirani, nilimwomba radhi garini. Nilimwambia kosa ni langu, ningeendelea kumfundisha angefaulu. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Wewe ulikuwa na masomo yako. Lakini ile sauti, mutoto wangu, usiitumie tena kwa mutu anayejifunza."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Mpaka leo sijapata somo la ualimu linaloyapita.

Tulikuwa na wiki kama tisa. Safari hii nilimfuata Baba kwanza, nikamweleza kila kitu, hata lile la usiku wa Septemba. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ulimfundisha herufi kwa lugha gani?" Nilipojibu Kiingereza, alitikisa kichwa. Akanieleza kwamba kambini mtaala ulikuwa wa Kifaransa, lakini watoto wadogo aliwaanzishia silabi kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto hawezi kujifunza kwa wakati mmoja namna ya kusoma na maana ya anachokisoma. "Anza na maneno ambayo tayari yako mdomoni mwake," alisema.

Basi tulianza ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili kina wema huu, kwamba herufi zake zinasema kile kilichoandikwa. Katika siku chache Mama alisoma mama. Akasoma ziwa. Akasoma sombe, akacheka peke yake. Baada ya wiki mbili alisoma sentensi nzima niliyomwandikia kuhusu bibi yangu aliyebaki Nyarugusu, na hakucheka, alinyamaza, akaomba niiandike kwenye daftari lake kwa kalamu ya wino.

Hapo ndipo na mimi nilipokamatwa. Nilikuwa nimemwandikia "mutoto", kwa sababu nyumbani ndivyo tunavyosema. Nikaenda kuhakikisha kwenye kamusi, nikakuta "mtoto". Nikatafuta maneno mengine niliyomfundisha, nikakuta makosa kila mahali. Nilikuwa nimezungumza Kiswahili tangu nijue kuzungumza, lakini shule yangu yote ya maana ilikuwa ya Kiingereza, na lugha ya mama yangu sikuwa nimewahi kuiandika. Nilimwambia ukweli. Alifurahi sana. "Basi tuko darasa moja!" alisema. Tangu usiku huo tulikuwa wanafunzi wawili na kamusi moja, na hiyo ndiyo sababu nilipofika chuo kikuu nilijiandikisha Kiswahili kabla ya somo jingine lolote. Wasomaji wenzangu wa chama hiki mmeniuliza mara nyingi kwa nini mtu anayekijua Kiswahili anakaa darasani kukisoma. Jibu ndilo hilo.

Mwezi wa Novemba tulirudi kwenye Kiingereza. Idara ya uhamiaji imechapisha orodha ya maneno yanayotumika katika mtihani wa kusoma na ule wa kuandika, nayo si mirefu. Nilikata kadi, tukazibandika kwenye kioo, kwenye friji, kwenye mlango wa choo. Sasa Mama alikuwa anajua kwamba herufi ni sauti, kwa hiyo aliuliza maswali ya mtu anayesoma. Lililomsumbua zaidi ni herufi zilizoandikwa lakini hazisomwi. "Hizi zinafanya kazi gani hapa?" aliuliza. Nilipokosa jibu, alihukumu mwenyewe: "Zinakula mgawo wa bure."

Alirudi kwa afisa mwezi wa Desemba. Nilisubiri tena. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi kama mara ya kwanza, nikanyoosha mkono niipokee nimsomee. Hakunipa. Aliikunja, akaitia mkobani, akasema, "Twende tukanunue ndagala."

Kiapo alikula Januari 2023, na kitenge kilekile. Walipomletea cheti atie saini, aliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, na watu waliokuwa nyuma yake walisubiri. Novemba ya mwaka huo Kentucky ilikuwa na uchaguzi wa gavana. Mama alikwenda kupiga kura asubuhi kabla ya kazi, na alipotoka alimtaja Susan B. Anthony kama anavyotajwa shangazi.

Nimefikiri sana juu ya kile ninachokiiga kwa wazazi wangu. Zamani ningesema ni bidii. Sasa nadhani ni jambo jembamba zaidi. Mimi nilikuwa nimezoea kuamini kwamba mtu anajifunza kwanza, anahitimu, kisha ndipo anawasaidia wengine, kama hatua ya pili. Baba hakusubiri. Alifundisha watu mtihani ambao yeye mwenyewe alikuwa bado hajaufanya, akiwa ametoka kubeba vifurushi usiku kucha, na mpaka leo anafanya kazi ya usiku, hakuna aliyempa darasa jingine. Mama hakusubiri. Alimsaidia jirani jioni ya siku aliyoshindwa, kwa kile alichokuwa nacho, bila kujifanya anacho zaidi ya hicho. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nilikuwa nikidhani methali hiyo inahusu fedha.

Siku hizi, wiki ambazo sina mitihani, ninarudi nyumbani Jumamosi. Baba anafundisha sebuleni, nami ninakaa mezani jikoni na akina mama watatu ambao hawakupata shule. Tunaanza na ba, be, bi, bo, bu. Uvumilivu unaponipungua, na hunipungua, Mama hugeuka kutoka kwenye jiko akanitazama mara moja, nami naweka kalamu chini taratibu.

Mwaka 2025 mtihani ulibadilika. Kwa walioomba uraia kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 orodha ina maswali 128, afisa anauliza hadi 20, na anayetaka kufaulu lazima ajibu 12. Baba amefuta ubao akaanza upya. Mama ni raia, hatafanya mtihani huo kamwe. Lakini nilipopiga simu juzi aliniambia nisimcheleweshe, maana amefika swali la 41 na mashuka ya siku hiyo hayajaisha. Nilimuuliza anajifunza ya nini.

"Wataniuliza," alisema.